Una digrii ya historia unataka ujenzi? Anzia saiti

Mdogo wangu, umesema una digrii ya historia, hujawahi kushika mwiko na unataka kuingia ujenzi hapa Arusha. Inawezekana kabisa. Wahi saiti kabla ya saa moja asubuhi, muombe fundi mkuu akupe usaidia fundi, alafu ukishazoeleka omba kumsaidia stoo kipa, yule anayetunza vifaa, huko ndo kusoma kwako kutaonekana maana wewe unajua kuandika vizuri, mifuko ya saruji imeingia mingapi, nondo za milimita 12 zimetoka ngapi, kila siku bila kuruka. Huku unajifunza pimamaji ya kuangalia usawa, timazi ya kuangalia ukuta umesimama wima, na zege la 1:2:4, saruji ndoo moja mchanga mbili kokoto nne. VETA Moshi, chuo cha ufundi, kaulizie kozi ya uashi. Na buti nunua kwanza jamani, mi msumari ulinichoma nimevaa ndala.