Mleta mada simamisha hiyo saruji kwanza, historia ya jengo itasubiri

Mkuu umeuliza jengo la shule ya zamani ya kijijini kwenu mtajuaje lilijengwa lini, madirisha mbona yako juu vile, na ule mlango ulioziba ulikuwa wa nini, halafu mwishoni kabisa unachomekea kwamba ukuta ni wa mawe na "udongo mweupe unaomeguka kwa kucha" na wiki ijayo fundi anapiga lipu ya saruji kuta zote ili zipendeze siku ya sherehe. Aisee. Mpigie huyo fundi sasa hivi kisha urudi umalizie kusoma.

Huo udongo mweupe ni chokaa. Sisi tulikuwa na jengo la hivyohivyo, kuta nene, mawe nje na ndani, katikati kifusi, chini hakuna kizuizi chochote cha unyevu maana zamani hawakuweka. Maji ya ardhini yanapanda ukutani kila siku na yanatokea kwenye chokaa yanakauka, basi, ndivyo jengo lilivyodumu miaka yote. Ukibandika saruji juu yake ni kama kumvalisha nailoni mtu anayetoka jasho. Maji hayapati pa kutokea, yanapanda juu zaidi kutafuta njia, na yanabeba chumvi.

Mwaka wa kwanza jengo letu lilipendeza kweli, watu wanapiga picha, mimi kifua mbele. Baadaye rangi ikaanza kuvimba malengelenge (tulipaka ya plastiki juu, yaani tukafunga na kitasa), chumvi ikatoka kama unga, ukigonga ukuta unasikia uwazi. Saruji ni ngumu na ukuta wa chokaa hucheza kidogokidogo, kwa hiyo vikatokea vinyufa vyembamba kama unywele, mvua inaingia humo na haitoki. Kilichotumaliza hata si ukuta, ni vichwa vya boriti za kenchi vilivyokaa ndani ya ukuta. Vilioza kimyakimya nyuma ya lipu nzuri, tukaja kujua paa limeshainama. Na kubandua saruji usifikiri ni kazi ya nyundo na wimbo, inang'oka na uso wa jiwe.

Aliyetushauri? "Mtaalamu" mmoja, kofia ya njano inang'aa haijawahi kuonana na vumbi, alikaa dakika chache akagonga ukuta kwa kalamu akasema chokaa ni teknolojia ya babu, saruji ndiyo imara. Babu! Saruji ya Portland ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, kabla ya hapo watu walishajenga kwa chokaa maelfu ya miaka na majengo yapo. Jiwe la chokaa unalichoma nyuzi kama 900, unalizima kwa maji, likishapigwa ukutani linavuta hewa ya ukaa taratibu linarudi kuwa jiwe. Yule bwana akitaka kunishtaki aje, nitamleta aone boriti. Na mnaocheka chekeni tu, nyie mngemkatalia mtu mwenye kofia?

Kwa hiyo chukua msumari, kwaruza kwenye kiungo cha mawe sehemu kadhaa. Ukitoka unga mweupe mlaini ni chokaa, rudishia chokaa, tabaka nyembamba nyembamba, na uzilinde na jua kali zisikauke haraka. Msumari ukiteleza hausomi kitu, kuna mtu alishawapitia na saruji, hapo tafuta mwashi aliyewahi kushika chokaa kwa mikono yake, si wa kusimulia. Rangi nayo iwe chokaa ya kupaka. Mvae miwani, chokaa mbichi inaunguza macho.

Kuhusu madirisha, shule nyingi za zamani waliyaweka juu ili mtoto akikaa asione nje akasahau somo, na mwanga ukipita juu unafika mbali ndani ya darasa. Wasanifu wa karne ya 19 walisisitiza pia mwanga mkuu utoke kushoto mwa mwanafunzi ili kivuli cha mkono wa kulia kisiangukie daftari. Kwa hiyo simama madirisha makubwa yakiwa kushoto kwako, ukuta unaoutazama yawezekana ndiko mwalimu alikosimama. Na hapohapo ndipo roho inaponiuma, maana ili saruji ishike fundi wetu alichimbua plasta yote ya zamani, na kwenye ukuta huo kulikuwa na ubao uliopakwa mweusi moja kwa moja ukutani na majina ya wanafunzi yaliyokwaruzwa pembeni. Vyote viliondoka na toroli. Hiyo historia unayoitafuta mkuu iko kwenye plasta anayotaka kuibandua huyo fundi wako!

Mlango ulioziba sijui umezibwa kwa nini, piga picha. Fundi umempigia?