Sentensi za kijana wangu hazina mwisho, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 15 na ninamfundisha mwenyewe nyumbani. Kusoma anasoma sana, kuzungumza anazungumza vizuri, ila akishika kalamu mambo yanavurugika. Sentensi moja inajaza nusu ukurasa, na insha nzima ni aya moja. Mfano ni huu: “Baiskeli yangu ilikatika mnyororo na nikaipeleka kwa fundi na sikuwa na pesa na halafu nikarudi nyumbani kwa miguu na mvua ikanyesha.” Nimekuwa nikimsahihishia kwa kalamu nyekundu, na siku hizi hataki hata kunionyesha daftari. Nirudi kwenye sarufi, kiima na kiarifu, au nimwandikishe insha nyingi zaidi?

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza nikutoe wasiwasi: sentensi hiyo si mbaya kama unavyoiona. Matukio yamefuatana sawasawa, upatanisho wa kisarufi haujakosewa, na msomaji haachwi njiani. Kinachokosekana ni uhusiano. Kila wazo limefungwa kwa lenzake kwa “na”, kwa hiyo kukosa pesa, kurudi kwa miguu na kunyeshewa vyote vina uzito mmoja. Kijana anaandika kama anavyosimulia. Anaposimulia, sauti yake ndiyo inayoonyesha lipi limesababisha lipi. Kwenye karatasi sauti haipo, na kazi hiyo inabidi ifanywe na vitenzi na viunganishi.

Ndiyo maana sikushauri urudi kwenye sarufi ya kuchambua tu, wala umlundikie insha. Mwaka 2007 watafiti wa elimu Steve Graham na Dolores Perin walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi kuhusu uandishi wa wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12, yaani tangu shule ya msingi hadi mwisho wa sekondari. Mazoezi ya kuunganisha sentensi fupi kuwa moja yalionekana kuboresha uandishi wao. Kufundisha sarufi peke yake, mbali na uandishi, hakukuwasaidia. Zoezi hilo la kuunganisha linaifaa sana lugha yetu, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili kinabeba viungo vyake ndani yake.

Fanya hivi. Kaeni pamoja, muivunje sentensi yake: Mnyororo ulikatika. Niliipeleka baiskeli kwa fundi. Sikuwa na pesa. Nilirudi kwa miguu. Mvua ilinyesha. Kisha mwambie aviunganishe vipande hivyo bila kiunganishi “na” hata kimoja. Mwache ahangaike kidogo. Taratibu atazikumbuka -po- na -ki-, “kwa kuwa” na “huku”, na anaweza kufika hapa: “Mnyororo ulipokatika niliipeleka baiskeli kwa fundi, lakini kwa kuwa sikuwa na pesa nilirudi nyumbani kwa miguu huku mvua ikininyeshea.” Usiishie hapo. Mwombe nyingine inayoanza na kurudi nyumbani: “Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikinyeshewa, kwani mnyororo wa baiskeli ulikuwa umekatika ilhali sikuwa na pesa ya kumlipa fundi.” Sasa muulize ipi inafaa kama habari ni ya baiskeli, na ipi inafaa kama habari ni ya siku mbaya aliyokuwa nayo. Swali hilo ndilo somo lenyewe. Jibu lake likitofautiana na lako, mwache alitetee.

Kuna jambo dogo ambalo vijana wengi hawaambiwi: -ka- tayari ina “halafu” ndani yake. Anayeandika “na halafu nikarudi” amelisema jambo moja mara tatu. Si kosa la kisarufi, ila ni mzigo. Mwambie afute kila “na” na kila “halafu” iliyotangulia -ka-, kisha asome kwa sauti: “Mnyororo ulikatika, nikaipeleka baiskeli kwa fundi.” Ataisikia tofauti mwenyewe.

Akishazoea sentensi changamano, huenda akapitia kipindi cha kuweka “ambaye” kila mahali. Usishtuke. Mwonyeshe kuwa “fundi ambaye alinisaidia” anaweza kuwa “fundi aliyenisaidia”, na kuwa amba- ibaki pale isipokwepeka, kama katika “fundi ambaye amehama”.

Dakika 15 hadi 20 kwa siku zinatosha, na sentensi zitoke kwenye masomo yake mengine, iwe historia au biolojia, ili asione kwamba uandishi ni kisiwa.

Tuje kwenye aya. Benjamin Franklin, mwandishi na mwanasiasa wa Marekani, alitolewa shuleni akiwa na miaka 10, na baadaye akafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji cha kaka yake. Alijifundisha kuandika kwa kutumia makala za gazeti la Spectator la London: aliandika dokezo fupi la kila sentensi, akaiweka makala kando siku kadhaa, akajaribu kuiandika upya, kisha akalinganisha. Wakati mwingine aliyachanganya madokezo hayo, akaja kuyapanga wiki kadhaa baadaye, ili ajifunze mpangilio wa mawazo.

Kwa mwanao, chukua aya nzuri ya sentensi sita kutoka kitabu anachokipenda, kila sentensi kwenye kikaratasi chake, uzichanganye azipange. Umuulize ushahidi. “Hilo” haliwezi kufungua aya, kwa maana linarudi kwa kitu kilichokwisha kutajwa. “Hata hivyo” inadai kuwe na jambo la kupingwa kabla yake. Baada ya hapo arudi kwenye aya zake mwenyewe, na pambizoni mwa kila sentensi aandike kazi yake kwa neno moja: dai, sababu, mfano, tokeo. Sentensi isiyopata neno itoke. Na ikitokea “dai” la pili, hapo huwa panataka aya mpya. Ule ukurasa mzima utaanza kujigawa.

Kalamu nyekundu iweke kando kabisa. Wiki moja, kosa la aina moja. Weka alama ndogo ya penseli pambizoni mwa mstari wenye kosa hilo, alitafute mwenyewe. Mengine yapite hata yakikuuma. Na kila siku mwonyeshe sentensi moja iliyokugusa, umwambie kwa nini. Mtoto hafichi daftari analojua lina kitu cha kupendwa ndani yake.

Kama angekuwa anaruka mistari anaposoma au anadondosha silabi anapoandika, ningekushauri umwone mtaalamu wa matatizo ya kujifunza. Kwa ulivyoeleza, sioni dalili hiyo.

Insha ndefu zisubiri wiki sita hivi. Akizirudia, aanze na aya tatu tu, na kabla hujaishika karatasi akusomee mwenyewe kwa sauti, penseli mkononi. Pale pumzi itakapomwishia, ataweka nukta kabla hujafungua mdomo.