Jibu: Shahada mpya ya Uuguzi, bajeti ya maktaba ndogo, wakala ameleta kifurushi

Yakhe, weka kalamu chini. Nilisoma swali lako la vitabu vya maktaba ya chuo chenu mpaka pale uliposema wakala kafika Chake Chake, huko Pemba, na kifurushi cha vitabu vya kidijitali na mnasaini wiki ijayo, mkate wa kumimina ukanikwama kooni. Shahada mpya ya Uuguzi, bajeti kiduchu, na mkuu wako anataka namba kubwa ya kuwaonesha wakaguzi wa ithibati. Huku Unguja tuliuziwa hivyo hivyo, na pendekezo niliandika mimi.

Wakala wetu, bwana yule, alivaa vizuri, akafungua kompyuta yake, akatuonesha maelfu ya vitabu na majarida. Maelfu! Ripoti ikapendeza. Pesa zote za programu mpya zikaenda hapo, tena kwa dola. Masomo yakaanza, wanafunzi wakaja kuulizia kitabu cha fiziolojia alichotaja mhadhiri: hamna. Cha famakolojia kipo, ila toleo la zamani, na leseni inaruhusu msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Darasa zima linamsubiri mtu mmoja atoke! Anayekaa Fuoni akirudi nyumbani hafungui kitu, maana kinafunguka kwenye mtandao wa chuo tu, na intaneti za vyuo vyetu unazijua. Ndani ya maelfu yale kulikuwa na kitabu cha kufuga farasi. Nilikisoma. Lazima mtu angesoma kitu kwa pesa zile.

Mwaka wa pili bei ikapanda, uhasibu wakagoma, malipo yakakatika. Kumbe tulikuwa tumekodi. Siku leseni ilipokufa hakikubaki hata kimoja.

Na kinachoniuma mpaka leo: sehemu kubwa ya majarida yale tulikuwa na haki ya kuyasoma bure. Hinari, mpango wa majarida na vitabu vya afya mtandaoni unaoongozwa na Shirika la Afya Duniani, upo tangu 2002, na chuo cha Tanzania kinajiandikisha bila kulipa. (Walio fani nyingine, chini ya mwavuli huohuo wa Research4Life kuna AGORA ya kilimo na GOALI ya sheria.) Nilimuuliza yule bwana usoni kama kuna njia ya bure. Akacheka: "Rahisi ghali, kaka." Ghali kweli, kwa mkono wake.

Kanuni yangu ni moja na nitaipigia kelele mpaka nifukuzwe humu jukwaani: isitoke hata senti kabla wahadhiri hawajaleta muhtasari wa kila kozi na orodha ya vitabu vyake. Usikubali uambiwe "vitabu vya uuguzi". Kitabu gani, toleo gani, muhula gani? Wengine watakuletea orodha ya walivyosoma wao zamani, irudishe. Wengine hawataleta kabisa. Kaa mlangoni kwa mkuu wa idara mpaka akuchoke. Ukishaipata, kila jina litafute kwanza Hinari. Si kila mchapishaji ameifungulia nchi yetu, kwa hiyo fungua kitabu chenyewe, usiridhike kuona jina. Majarida ya Afrika tafuta AJOL, tovuti inayoyakusanya. Kisha uliza maktaba jirani wana nini. Vitakavyobaki ndivyo vya kununua, na nunua vya karatasi, nakala chache, moja ibaki kaunta isiazimwe. Tena nunua vya mwaka wa kwanza tu! Vya mwaka wa tatu utavinunua pale wanafunzi watakapokaribia kufika huko. Ukivinunua leo, toleo jipya litakukuta na la zamani rafuni.

Mkuu akitaka kitu cha ripoti, mpe jedwali: kozi, kitabu, kinapatikana wapi.

Uliuliza pia kuhusu Koha, ile programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba. Ni bure, iweke. Yale maswali yako ya idadi ya nakala kwa mwanafunzi na ukungu wa vitabu nitarudi kuyajibu, sasa hivi naitwa. Ila huyo wakala, kabla hajamaliza chai yenu, muulize: malipo yakikatika tunabaki na nini? Jibu lake akuandikie kwenye karatasi, kisha ulilete hapa tulisome.