Umebadilisha raba za masta silinda na klachi ya pikipiki bado laini? Shuka chini

Mkuu, umesema umeweka raba mpya juu, kwenye masta silinda (pampu ya mafuta ya klachi iliyo kwenye usukani), umetoa hewa mpaka vidole vimekufa ganzi, na bado mkono wa klachi unagusa mshikio bila ubishi, nutro nayo haiingii injini ikiwaka. Nami nilianzia juu, kwa sababu tu ndiko kunakofikika kirahisi.

Fungua kifuniko cha sproketi ya mbele, uitazame silinda ya chini, ile inayopokea mafuta kutoka juu na kuisukuma klachi ifunguke. Yangu kwa nje ilikuwa kavu kabisa, ila nilipoinua raba ya vumbi, mafuta meusi yakachuruzika. Imekaa jirani na cheni, inapokea kila uchafu unaorushwa.

Ifungue bolti zake, lakini hozi usiichomoe kwanza. Izungushie kitambaa, halafu bana klachi taratibu mpaka pistoni itoke yenyewe. Mimi nilitanguliza kuchomoa hozi, ikabidi niitoe pistoni kwa pampu ya tairi. Ikaruka kama risasi. Pitisha ukucha ndani ya silinda. Ukikwama kwenye mchubuko au kutu, usipoteze raba mpya humo, nunua silinda nzima. Kama ni laini, paka raba mafuta mapya ya breki, mdomo wake ulio wazi uelekee upande wa mafuta. Petroli isisogee hapo. Zile washa (pete bapa) za shaba za bolti ya hozi, weka mpya.

Soma kifuniko cha kikopo cha mafuta pale kwenye masta silinda kabla ya kujaza. Pakiandikwa DOT 4 (aina ya mafuta ya breki), weka hiyo. Zipo pikipiki zinazotaka mafuta ya madini, na ukichanganya, raba zinavimba. Mafuta ya breki yakidondokea rangi, mwaga maji palepale. Tangi langu lina kovu.

Sasa hewa, ambayo ndiyo iliyonitesa. Hewa hupanda, na wewe ukipampu kutoka juu unailazimisha ishuke kwenye hozi ndefu nyembamba. Jaza kwa bomba la sindano kutoka chini, kupitia niplo ya kutolea hewa, huku ukipunguza mafuta ya kikopo cha juu kisifurike. Kisha geuza usukani mpaka masta silinda iwe juu kuliko hozi yote, na ulegeze kidogo bolti ya hozi pale juu huku umebana klachi. Ukaze kabla hujaachia. Kiputo changu cha mwisho kilijificha hapo. Usiku niliufunga mkono kwa mpira ukiwa umebanwa, asubuhi ukawa mgumu kama mpya.

Ukiona klachi inateleza injini ikishapata moto, chungulia kitundu kidogo sana kilicho ndani ya kikopo, sakafuni. Kikiziba, mafuta yakitanuka hayana pa kurudi, yanaisukuma klachi ifunguke. Mkono wa urembo usio saizi yake nao huleta hilohilo, maana hauiachii pistoni irudi mpaka mwisho. Wangu niliuvua nikarudisha ule wa zamani.