Muulize Mwalimu: Zebaki imefikaje chini kule?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba zebaki imekutwa kwenye viumbe wa mfereji wa Mariana, bonde la chini ya bahari ya Pasifiki lenye kina cha karibu kilomita 11. Nikasema si ajabu, zebaki ni nzito, imezama tu. Shemeji yangu akabisha, eti inatoka kwenye miamba ya huko huko. Nani mkweli? Halafu mke wangu ni mjamzito na jodari ndiye samaki wake. Nikiondoa ngozi na mafuta, nikamchemsha vizuri, zebaki itatoka? – *Baba Mtarajiwa*

JIBU: Marahaba, Baba Mtarajiwa. Mmekosa wote wawili, ila kosa lako nalielewa. Nikiwa mwanafunzi niliwahi kudondosha kipimajoto maabara. Zebaki ikatawanyika mezani vidonge vidonge. Ukikigusa kimoja kwa ncha ya karatasi kinakimbia, viwili vikikutana vinamezana. Nzito ajabu: lita moja ina kilo 13 na nusu. Aliyeiona hivyo hawezi kuacha kudhani kwamba hata baharini inatiririka hadi chini kabisa.

Lakini zebaki inayoishia kwa samaki haitembei kwa vidonge. Nyingi huanza safari ikiwa mvuke: makaa ya mawe yakiungua, wachimbaji wadogo wakichoma donge la dhahabu na zebaki, volkeno ikilipuka. Upepo huizungusha miezi kadhaa kabla haijarudi na mvua. Ikishaingia majini, bakteria huivisha methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu. Kazi hiyo hufanyika sana kwenye tabaka la nusu giza, mamia ya mita chini, ambako oksijeni ni haba. Hapo ndipo inapokuwa hatari mezani. Kidonge cha kipimajoto kikimezwa, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka (mvuke wake ndio balaa, kwa hiyo usijaribu). Zebaki ya methili huingia karibu yote kwenye damu.

Ikishaingia, hung'ang'ania protini. Planktoni, yaani kiumbe mdogo sana anayeelea majini, analiwa na kamba, kamba na samaki mdogo, samaki mdogo na jodari, na kila mlaji anabaki na nyingi kuliko anayoitoa. Ndiyo maana mnofu wa samaki mkubwa mwindaji huweza kuwa na zebaki ya methili mara mamilioni kuliko maji anamoogelea.

Sasa, ilifikaje Mariana? Kinyesi, magamba na mizoga ya viumbe wa juu hunyesha chini usiku na mchana; wanasayansi huiita theluji ya bahari. Mwaka 2020 kundi la Joel Blum wa Chuo Kikuu cha Michigan lilichapisha vipimo vya samaki na amfipodi, hao ni jamaa ya kamba, kutoka mifereji ya Mariana na Kermadec. Zebaki ina isotopu saba zilizo tulivu, yaani aina za atomi zake zinazotofautiana uzito, na mwanga wa jua ukiivunja ile ya methili huacha alama kwenye zile za namba witiri, 199 na 201. Alama waliyoikuta kwa viumbe hao wa gizani ililingana na ya samaki wanaokula kwenye kina cha mita 400 hadi 600. Miamba haina alama hiyo, mwambie shemeji. Na wewe ujue kwamba haikuzama kwa uzito wake, ilibebwa kama abiria.

Jua hilo hilo linaeleza jambo litakalokufaa jikoni. Karibu na uso wa maji mwanga huvunja sehemu ya zebaki ya methili. Kilindini hakuna wa kuivunja. Ndiyo maana jodari wa macho makubwa, anayezama mamia ya mita mchana kuwinda, kwa kawaida huwa na zebaki nyingi kuliko jodari wa mapezi ya manjano anayewinda juu zaidi.

Kuhusu kisu na sufuria: hapana. Miaka niliyofanya kazi ya kupima samaki, kipande tulichokata kilikuwa mnofu mtupu chini ya pezi la mgongoni, kwa sababu zebaki iko humo. Ngozi na mafuta tulitupa. Ukichemsha, maji yanatoka na zebaki inabaki, hivyo kila gramu unayokula inakuwa nayo zaidi kidogo.

Mke wako asiache samaki. Mtoto anahitaji mafuta yake kwa ubongo. Ila zebaki ya methili hupita kondo la nyuma. Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa sumu ya zebaki ya methili ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, wamama wasio na dalili kubwa walizaa watoto walioathirika vibaya. Kiwango cha juu cha kula zebaki ya methili kilichowekwa na wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, ni mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki, yaani 96 kwa mtu wa kilo 60. Kikomo cha kimataifa cha zebaki hiyo kwa jodari wa sokoni ni miligramu 1.2, yaani mikrogramu 1,200, kwa kilo ya samaki. Piga hesabu: kipande cha gramu 200 kilichofika kikomo hicho kina mikrogramu 240, mgawo wa wiki mbili na nusu. Jodari wengi wako chini sana ya hapo, lakini hutajua kwa macho.

Kwa hiyo papa, nduaro na jodari wa macho makubwa wasubiri. Dagaa na ndugu zao wale tu. Akimtamani sana jodari, soma maandishi ya kopo: mtafute yule mdogo mwenye milia tumboni, kwa Kiingereza skipjack, ambaye hukua haraka na hafikii umri wa kulimbikiza.