Meno ya baketi: kosa langu la Pongwe usilirudie

Juzi kijana mmoja wa Muheza kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepata trekta dogo lenye loda, ile mikono ya mbele inayobeba baketi, nataka kung'oa visiki vya michungwa mizee. Ninunue yale meno marefu ya kubana kwenye baketi?" Nimemwitikia marahaba, lakini moyo uliniuma, maana swali hilo mimi sikumuuliza mtu.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kiwanja Pongwe, kimejaa vigogo vya mkonge wa zamani. Nilifunga meno ya kubana, mawili, kila moja linakaribia mita moja, yanashikwa na bolti nene juu ya mdomo wa baketi, yaani ukingo wake wa mbele unaokata udongo. Nikayasukuma chini ya kigogo, nikakunja baketi kwa nguvu zote za haidroliki. Kigogo hakikutikisika. Nilisikia chuma kinalia, nikashuka kutazama: mdomo umebonyea sehemu mbili, pale pale palipobanwa, kama sufuria iliyokanyagwa. Mwenye kiwanja alikuwa chini ya mwembe. Akasema, "Si ulisema una mashine?" Akapiga simu, kikaja kijiko kikubwa, mashine ya kuchimbia, kutoka mjini, na mimi nikarudi barabara ya Tanga mchana kweupe na baketi imepinda. Maneno yale bado ninayo.

Sababu niliielewa baadaye. Jino refu ni mtaimbo. Kadiri ncha inavyokwenda mbali na mdomo, ndivyo mdomo unavyoelemewa, na uzito wote unaangukia sehemu mbili ndogo tu. Kwa kubeba miti au matawi, sawa. Kwa kuchokonoa ardhi, hapana.

Kosa la pili nalo lilikuwa langu. Nilimpa fundi achomelee meno moja kwa moja kwenye mdomo. Akatumia rodi za kawaida, hakupasha chuma moto kwanza. Chuma cha mdomo mara nyingi ni kigumu, na ukikichomelea hivyo kinapasuka pembeni ya weldi. Changu kilipasuka. Hata kabla hakijapasuka, nilikuwa siwezi kusawazisha kiwanja: kila nikipita naacha mifereji.

Ndipo nikatengeneza ninachotumia mpaka leo: bapa la chuma linaloenea upana wote wa baketi, lina meno sita mafupi ya kuvalisha kwa pini, jino likiisha unabadilisha hilo peke yake. Bapa linaegemea mdomo wote, linafungwa kwa bolti moja kila ubavu. Mdomo hautobolewi wala hauchomelewi. Unatoboa mbavu tu. Ukitaka kusawazisha, unafungua bolti mbili unaliweka kando. Ule udongo mwekundu wa kwetu, ambao kiangazi baketi isiyo na meno inauteleza juu kama sakafu, sasa unafunguka, kwa sababu nguvu iliyokuwa imesambaa upana wa futi nne imekusanyika kwenye ncha sita. Jumamosi iliyopita nimemaliza kiwanja Amboni bila kuita mtu, na mwenyewe kanilipa palepale. Nilipanda trekta langu kifua mbele.

Ndugu zangu, sote tunataka trekta dogo litulishe na lisomeshe watoto. Basi tuliheshimu. Usililazimishe liwe kijiko. Funga uzito nyuma: mimi nina nusu pipa la zege, yapata kilo 240, na bila hilo magurudumu ya nyuma yanapoteza mshiko na mbele kunaelemewa. Kisiki kichimbue pembeni kwanza, ukate mizizi, ndipo usukume. Usiingie kwa kasi, na usichimbe baketi ikiwa imeinamishwa kabisa chini, hapo ndipo fimbo za silinda za haidroliki zinazokunja baketi zinapopinda. Subiri mvua ya kwanza ilainishe udongo. Haraka ndiyo iliyonivunjia baketi, haraka na kiburi cha kutouliza, na naona vijana wengi wanaipita njia hiyo hiyo wakidhani wanaokoa hela.

Mdogo wangu wa Muheza, hela ya meno ya kubana usiitoe. Pima upana wa baketi kwa ndani, ubavu hadi ubavu, pale mdomoni kabisa, si juu, maana baketi iliyotumika huwa imetanuka. Pima na unene wa mbavu. Nitumie vipimo kabla vuli haijaanza.