Kuhusu midomo ya viziwi wakiongea kwa alama: jibu refu kutoka kwa fundi cherehani

Mkuu, umeeleza kwamba umeanza kujifunza lugha ya alama kwa ajili ya mwenzako wa kazini ambaye ni kiziwi. Unaona mikono ikiongea na midomo nayo inatembea bila sauti, mara mashavu yanajaa hewa, mara ulimi unachungulia. Unauliza kama na wewe uwe unaongea wakati mikono inafanya kazi. Mdau mmoja hapo juu kakujibu kwamba viziwi wanasoma midomo, kwa hiyo ongea polepole inatosha. Mawazo hayo hayo yaliniharibia kitenge cha watu, ndiyo maana nimeona niandike.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma, banda langu liko jirani na soko la Majengo. Nashona pamoja na dada mmoja ambaye ni kiziwi tangu utotoni. Mwaka wa kwanza tulielewana kwa kuonyeshana vitambaa na kuandikiana kwenye daftari la vipimo. Siku moja mama mmoja akaleta kitenge kwa ajili ya shughuli ya binti yake, akataka gauni lenye mikono mipana ya kumwagika. Dada yuko ng'ambo ya meza na mkasi, mimi nimeshika futi kamba na nguo ya mtu mwingine, pini nimezibana pembeni ya mdomo. Nikamwambia kwa midomo tu: "Pana! Pana!" Akaitikia kwa kichwa. Jioni nakuta mikono imebana kama ya sare ya shule, na kitambaa kikishakatwa hakirudi.

Simama mbele ya kioo useme "pana", kisha "bana". Utaona kitu kimoja. P, b na m zote ni midomo kufunga na kufunguka. Kinachozitofautisha ni mtetemo wa koo na hewa inayopita puani, na hivyo havionekani. Kwa anayekuangalia, "baba", "mama" na "papa" ni sura moja. K na g ndiyo kabisa, zinatamkwa nyuma ya kinywa. Anayesoma midomo anaokota vipande, vingine anavikisia kutokana na mnachozungumza. Sasa kwenye banda la fundi, "pana" na "bana" zote zina maana. Angekisia vipi? Kosa lilikuwa langu, na nilimlipa yule mama kitenge chake.

Kesho yake Dada akanifundisha nilivyopaswa kusema. Alifungua mikono kutoka begani, mashavu yamejaa hewa. Kisha akafanya ya kubana: vidole vinakutana, mashavu yameingia ndani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mdomo una kazi mbili tofauti, na wengi wetu tunaosikia tunaijua moja.

Kazi ya kwanza ni kuchora neno la Kiswahili bila sauti sambamba na alama. Akitaja Singida au Iringa, utaona midomo inataja jina. Inasaidia pia pale alama zinapofanana. Ila haibebi sentensi nzima. Mimi nitasema "nimemshonea", neno moja lenye mtu aliyeshona, aliyeshonewa na wakati. Dada midomo yake inasema "shona" tu, mengine yanabebwa na mikono, macho na uelekeo wa mwili.

Kazi ya pili haina uhusiano na Kiswahili. Yale mashavu si neno. Mfano wa karibu ninaoupata ni yale maneno yetu ya kukoleza: mweusi tii, mweupe pee, kimya jii. Kwenye alama ukolezaji huo unakaa mdomoni, na wakati mwingine ndio unaobadilisha maana yote. Viziwi wa Marekani, kwa mfano, wakionyesha kuendesha gari huku ulimi umetokeza kidogo kati ya meno, ni kuendesha ovyo. Midomo ikifungwa na kusogezwa mbele kidogo, ni kuendesha kwa utulivu. Mikono ni ile ile. Usiyachukue hayo ya Marekani ukampelekea mwenzako. Lugha ya Alama ya Tanzania ina yake, mwangalie yeye.

Kwa hiyo, je, uongee? Sauti kamili na alama kwa pamoja nakushauri usijaribu. Nilijaribu miezi kadhaa: Kiswahili kinaburuta mikono ifuate mpangilio wake, nusu ya alama zinaanguka, na mashavu huwezi kuyajaza wakati unatamka. Acha midomo ichore neno kuu, kwa ukubwa wa kawaida. Ukiipanua sana unaliharibu umbo ambalo yeye amelizoea.

Na usimwambie "soma midomo yangu". Dada shuleni alishikishwa koo la mwalimu ili ajifunze kutoa sauti, mikono ikae chini ya dawati. Mtindo huo ulipata nguvu mwaka 1880, mkutano wa walimu wa viziwi kule Milan, Italia, ulipoamua kwamba kusema kwa mdomo ni bora kuliko alama. Ni mwaka 2010, kwenye mkutano wa aina hiyo hiyo huko Vancouver, Kanada, ndipo maazimio yale yalipokataliwa. Miaka 130! Dada akikumbuka yale mambo ya shuleni mpaka leo anakunja uso.

Tena si kila kiziwi ana maneno ya Kiswahili midomoni. Kuna kijana wa Chamwino huja kumtembelea Dada, hakusoma, na kwao wanaongea Kigogo. Akifika midomo yake inachora "mbukwa", salamu ya Kigogo, huku ameinua mkono. Ungemsemesha kwa midomo ya Kiswahili angebaki anakutazama tu.

Mengine ni madogo: kaa penye mwanga, usitafune, usifunike mdomo. Wakati wa barakoa mwaka 2020 Dada aliteseka sana, na upepo wa vumbi wa huku ukianza, wateja wakijifunika khanga mpaka puani, anateseka tena. Mimi pini zangu siku hizi nazichomeka kwenye kipande cha sponji nilichofunga kwenye kifundo cha mkono.